Hofu Uliyoishinda Ikirudi: Namna ya Kupanga Muda na Mahali pa Mazoezi

"Nilifanya mazoezi wiki tatu mfululizo mpaka nikaweza kumpapasa mbwa kichwani. Miezi miwili baadaye nimekutana na mbwa njiani, magoti yakaniishia nguvu. Ina maana nimerudi nilikoanzia?"

Swali hili naulizwa mara kwa mara, kwa maneno tofauti. Mwingine ni wa lifti, mwingine wa kuendesha gari baada ya ajali, mwingine wa kusimama mbele ya watu. Jibu ni lile lile: hapana, hukurudi ulikoanzia. Ila ukinieleza ulivyofanya mazoezi, mara nyingi nakuta yalibanana katika siku chache, yakafanyika mahali pamoja, na msaidizi mmoja. Hofu ya namna hiyo hupungua upesi, na upesi huo huo hurudi.

Hapa nitaeleza jinsi ya kuyapanga mazoezi ili yale uliyojifunza yakufuate popote uendako. Mfano nitakaoutumia ni wa mbwa, kwa sababu ndiyo hofu niliyopambana nayo mwenyewe. Wewe weka ya kwako pale ninapotaja mbwa.

Kabla ya kuanza

Jiulize kwanza kama unachokiogopa ni hatari kweli. Mtu anayekupiga, mbwa mkali asiyefungwa, gari lenye breki mbovu: hapo hofu inafanya kazi yake, isikilize na ukae mbali. Mazoezi haya ni ya hofu iliyobaki baada ya hatari kupita, au iliyozidi ukubwa wa hatari yenyewe. Wahenga walilisema vizuri: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi tunashughulika na unyasi. Nyoka tunamwacha alipo.

Wapo wasiopaswa kufanya haya bila mtaalamu wa afya ya akili: aliyepitia ubakaji, vita, mateso au tukio linalomjia usiku kwa ndoto na mchana kwa picha, anayewaza kujidhuru, na mwenye ugonjwa wa moyo au kifafa kabla hajazungumza na daktari wake. Anayezimia akiona damu au sindano naye ana njia yake. Kwa watu hao shinikizo la damu hushuka ghafla, kwa hiyo hufundishwa kukaza misuli ya mikono, miguu na tumbo ili lisishuke. Mwombe mhudumu wa afya akufundishe kwanza.

Ukishapita hapo, andaa vitu hivi:

- Daftari na kalamu. Simu inafaa pia, mradi uandike papo hapo.
- Kalenda utakayoiona kila siku.
- Orodha ya mahali pasipopungua panne panapopatikana kile unachokiogopa.
- Wasaidizi wawili au watatu. Mmoja hatoshi, na sababu utaiona mbele.
- Nusu saa hadi saa nzima kwa kila zoezi, bila haraka.

Jambo moja tu la kulijua kabla

Mazoezi hayaifuti hofu. Ubongo huliacha somo la zamani, "mbwa huuma", na kuweka jipya kando yake, "mbwa hana neno". Masomo yote mawili yanabaki. Shida ni kwamba la zamani husafiri kirahisi, husikika kila mahali, ilhali jipya limefungwa na mahali na wakati ulipojifunza. Kila unapokutana na mbwa, masomo hayo mawili hushindana, na mazingira ndiyo huamua lipi litasema kwanza.

Kuna milango mitatu ambayo hofu hurudi nayo, na yote imejulikana muda mrefu.

Wa kwanza ni muda. Mrusi Ivan Pavlov aliwazoesha mbwa kudondosha mate waliposikia ishara ya chakula, kisha akaitoa ishara mara nyingi bila chakula mpaka mate yakakoma. Baada ya kuwapumzisha, ishara ile ile ikayarudisha mate bila mafunzo yoyote mapya. Hofu nayo huenda hivyo.

Wa pili ni mahali. Mwaka 1979 watafiti Mark Bouton na Robert Bolles walionyesha kwamba panya aliyejifunza kuogopa sauti ndani ya kizimba kimoja, akazoeshwa kutoiogopa ndani ya kizimba kingine, huiogopa tena akirudishwa kwenye kile cha kwanza.

Wa tatu ni mshtuko mpya, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndio watu hawautarajii. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alieleza habari za mtoto aliyemwita Peter, wa umri wa miaka 2 na miezi 10, aliyemwogopa sungura. Walimsogeza hatua kwa hatua na alikuwa anaendelea vizuri. Kisha akaugua, akalazwa hospitali karibu miezi miwili. Siku ya kutoka, yeye na muuguzi wakiwa wanaingia kwenye teksi, mbwa mkubwa akawarukia, wote wawili wakashtuka vibaya. Peter aliporudishwa kwa sungura, hofu yake ilikuwa kama mwanzo. Sungura hakumfanya lolote. Mbwa ndiye aliyemshtua, na hofu iliyoamka ni ya sungura. Walianza naye tena, na safari hiyo akafika mahali pa kumpapasa sungura kwa furaha.

Kwa hiyo ukiona hofu ya lifti imerudi baada ya wiki ya msiba au ya kufukuzwa kazi, usishangae kwamba lifti haihusiki.

Hatua zenyewe

1. Andika unachotarajia kitokee. Usiandike tu "naogopa". Andika tukio: "Mbwa akifika hatua mbili karibu nami atanirukia na kuning'ata." Kando yake weka unavyoamini, kutoka 0 hadi 100. Utabiri wenye tukio unaweza kuthibitishwa au kukanushwa, na ubongo hujifunza zaidi pale kinachotokea kinapopishana na kilichotarajiwa. Ukiandika "nitajisikia vibaya" utakuwa sahihi kila siku na hutajifunza kitu.

2. Chora jedwali la mazingira. Weka safu tano: mahali, saa, watu waliopo, aina ya mbwa, na hali ya mwili wako (umechoka, una njaa, umelala vizuri). Jaza mazingira ulimoogopa na yale unayotegemea kukutana nayo mwaka huu. Zungushia duara mahali hofu ilipoanzia. Bado hatuendi huko, lakini pasisahaulike.

3. Anza mahali pepesi, na ukae mpaka utabiri upate jibu. Chagua mbwa mtulivu unayemfahamu, aliyefungwa kamba, mwenye kumjua akiwepo. Sogea mpaka umbali ulioutaja kwenye utabiri, usimame hapo. Hakuna lazima ya kungoja hofu iishe kabisa. Watu wengi huondoka wakisikitika kwa kuwa moyo ulikuwa bado unadunda. Cha kujiuliza ni kimoja: alinirukia au hakunirukia? Ukipata jibu, andika, kisha rudia.

 *Angalizo:* usiondoke katikati hofu ikiwa kileleni kwa sababu tu imekuzidi. Rudi nyuma hatua kadhaa, pumua kawaida, usogee tena. Ukikimbia hapo, mwili huondoka na somo kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa.

4. Acha mikongojo, mmoja baada ya mwingine. Mkongojo ni chochote unachokishika ili usiogope: kumng'ang'ania msaidizi mkono, fimbo, kufumba macho, wimbo masikioni, kidonge cha kutuliza mfukoni. Mwanzoni unaruhusiwa mmoja. Lakini ukibaki nao, ubongo utaandika "mbwa hana neno *nikiwa na fimbo*", na siku fimbo haipo somo halipo.

 Pombe na dawa za kutuliza zina ubaya wa ziada: alichojifunza mtu akiwa amezitumia kinaweza kubaki kimefungwa na hali hiyo ya mwili. Kama dawa umeandikiwa na daktari, usiiache wala kuipunguza mwenyewe. Mwambie unafanya mazoezi haya, mpange pamoja.

5. Panua nafasi kati ya mazoezi. Kalenda inaanza kazi hapa. Mazoezi mawili ya kwanza yakaribiane, leo na kesho. Kisha ruka siku mbili, halafu nne, halafu wiki, wiki mbili, mwezi. Mwaka 1998 Michelle Craske na mwenzake Rowe walilinganisha watu wenye hofu ya buibui: waliorundika mazoezi siku moja hofu yao ilishuka haraka, lakini ilirudi walipopimwa baada ya mwezi, wakati wale ambao nafasi yao ilikuwa inapanuka hawakurudiwa namna hiyo.

 Sababu yake ni ule mlango wa kwanza. Ukifanya kila siku, hofu haipati nafasi ya kurudi, kwa hiyo hujifunzi kukabiliana nayo ikirudi. Ukiacha siku nne, itarudi kidogo, na wewe utaishusha tena. Huko kuishusha tena ndiko unakokuhitaji. Tegemea basi kwamba zoezi la baada ya mapumziko litakuwa gumu kuliko lililotangulia. Watu wengi huacha hapa wakidhani wameharibikiwa, kumbe mpango unakwenda sawasawa.

6. Badilisha mazingira kwa makusudi. Kama una muda wa hatua moja tu katika hizi zote, uupe hii.

 Nieleze nilivyokosea mimi. Niling'atwa paja, na baada ya miezi ya kuzunguka mitaa kwa kukwepa, nikaanza mazoezi na mbwa jike mmoja mzee wa jirani. Kila siku saa kumi na moja jioni, geti lile lile, jirani yule yule ameshika kamba. Wiki ya tatu alikuwa akilaza kichwa chake kwenye kiatu changu nami nikimkuna nyuma ya masikio. Nikajiona nimepona. Siku chache baadaye, mchana, mtaa mwingine, kambwa nusu ya yule katokea nyuma ya ukuta bila hata kubweka. Nilipozinduka nilikuwa katikati ya barabara, dereva amefunga breki, mimi nimeshika paja lile lenye kovu. Nilikuwa nimejifunza kutomwogopa *yule jike, pale getini, jioni, na jirani yupo*. Mengine yote sikuwa nimeyagusa.

 Kwa hiyo chukua jedwali la hatua ya pili, na kila zoezi badilisha angalau kitu kimoja: zoezi hili mahali, lijalo saa, linalofuata msaidizi. Badilisha na mbwa: mdogo, mkubwa, mweusi, anayebweka nyuma ya uzio. Fanya siku umelala vizuri na siku umechoka. Kwa lifti, badilisha majengo, idadi ya watu ndani, ghorofa. Kwa kusema mbele ya watu, badilisha ukumbi, ukubwa wa hadhira, kukaa na kusimama.

 *Angalizo:* usibadilishe vyote kwa mpigo siku ya kwanza. Na kubadilisha hakuna maana ya kutafuta mbwa wasiojulikana barabarani. Kila mbwa wa zoezi awe na mwenyewe aliye tayari kusema "huyu hajawahi kuuma".

7. Rudi pale hofu ilipoanzia. Ukishakuwa na mazingira matatu au manne mkononi, nenda kwenye lile duara. Panya wa mwaka 1979 wanakuambia kwa nini: mahali penyewe ni kumbusho. Ukitaharuki ukikaribia ile kona hata kama hakuna mbwa, ni kona inayosema. Mara ya kwanza nenda bila zoezi lolote, usimame tu dakika kadhaa. Mara ya pili fanya zoezi hapo. Kama pana hatari ya kweli, au kama ni nyumba ya mtu aliyekudhuru, hatua hii iruke kabisa.

8. Beba kumbukumbu ya mazoezi. Kabla ya kuingia mazingira mapya, tulia dakika moja ukumbuke zoezi lililofanikiwa: ulikuwa umesimama wapi, ulisikia nini, mbwa alifanya nini, ulitarajia nini na kikatokea nini. Ni njia ya kuliita somo jipya lije mahali ambapo lisingekuja lenyewe. Iwe kumbukumbu ya kichwani au mstari wa daftarini. Ukiona huwezi kutoka nyumbani bila hilo daftari, limekuwa mkongojo; rudi hatua ya nne.

9. Weka mazoezi ya akiba. Andika kwenye kalenda zoezi moja baada ya mwezi, moja baada ya miezi mitatu, moja baada ya sita. Ongeza jingine kila baada ya kipindi kigumu: ugonjwa, msiba, ajali ya aina yoyote. Ni kwa ajili ya mlango wa tatu, ule wa Peter. Lisiwe refu. Mbwa mmoja na dakika ishirini zinatosha.

Ikikwama

*Nianze siku ngapi baada ya tukio?* Watafiti wenyewe wamepata majibu yanayopingana. Mwaka 2006 Stephen Maren na Chun-hui Chang waliona kwamba panya waliozoeshwa dakika chache baada ya kutishwa hawakulishika somo, hofu ikarudi siku ya pili. Mwaka huo huo kundi jingine likaona kuwahi kunasaidia. Ninachowashauri watu ni hiki: usilazimishe zoezi wakati mwili bado unatetemeka kwa tukio lenyewe. Pumzika, ule, ulale, jeraha litibiwe. Lakini usiache miezi ya kukwepa ikapita, maana kila unapokwepa unakosa nafasi ya kujua kwamba lisingetokea kitu.

*Hofu haishuki kabisa ndani ya zoezi.* Tazama safu ya utabiri, si mapigo ya moyo. Kama uliamini kwa 90 kwamba utang'atwa na sasa unaamini kwa 40, umejifunza hata kama mikono inatetemeka. Kama utabiri haujasogea, mara nyingi kuna mkongojo hujauona. Mwombe msaidizi akutazame akuambie. Mimi nilikuwa nabana pumzi bila kujua.

*Nikiwa na dada naweza, peke yangu siwezi.* Dada ni sehemu ya mazingira, kama geti na saa ya jioni. Mweke mbali kidogo kidogo: hatua tano nyuma yako, kisha upande wa pili wa barabara, kisha nyumbani akisubiri simu, kisha asijue kabisa kwamba unafanya zoezi. Ndiyo maana nilisema wasaidizi wawili au watatu.

*Mbwa kaniuma kweli katikati ya mazoezi.* Osha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya kinga ya kichaa cha mbwa. Hilo halisubiri. Hofu itarudi, na itarudi kwa kasi kuliko ilivyojengeka mara ya kwanza. Anza tena hatua ya tatu na mbwa mwingine mtulivu jeraha likipona. Nakala yako ya zamani ya daftari itakusaidia, kwa kuwa mazingira mengi umeshayapita.

*Nimesikia ukikumbushwa hofu dakika kumi kabla ya zoezi, inafutika moja kwa moja.* Wazo hilo lina msingi. Mwaka 2010 Daniela Schiller na wenzake walilijaribu kwa watu maabara, wakapata matokeo ya kutia moyo. Tatizo ni kwamba wengine waliorudia majaribio ya namna hiyo si wote waliopata matokeo hayo. Ukitaka kujikumbusha kabla ya zoezi hakuna ubaya, lakini usiache kupanua nafasi na kubadilisha mahali kwa kutegemea kwamba imefutika.

*Imerudi yote, kama mwanzo.* Usianze kwa kujiuliza una kasoro gani. Fungua daftari ujibu maswali matatu: mara ya mwisho nilifanya zoezi lini? Mahali iliporudi niliwahi kufanyia zoezi? Wiki hizi nimepata mshtuko gani? Jibu mojawapo karibu kila mara hutoa mlango ilipopitia. Kama ni muda, fanya mazoezi mawili yaliyokaribiana kisha panua tena. Kama ni mahali, ongeza mahali hapo kwenye jedwali na ukafanyie zoezi wiki hii. Kama ni mshtuko, upe mwili siku chache utulie, halafu anza na lile zoezi ulilolipita kirahisi kuliko yote. Wengi hupanda haraka kuliko mara ya kwanza. Ikiwa umefanya hivyo kwa wiki nne na safu ya utabiri haijasogea, au umeanza tena kukosa kazi, usingizi au njia za kupita kwa sababu ya hofu, chukua daftari lako uende nalo kwa mwanasaikolojia. Mpe asome jedwali kabla hujaeleza chochote.